Ngitili ya Mwandishi

Nasaha iliyozagaa kuliko zote kwa vijana wanaotaka kuandika ni fupi, nayo kwa juu juu haina kasoro: jiwekee lengo, andika kila siku, usikatize. Hesabu yake haina mpinzani. Anayeandika ukurasa mmoja kwa siku huwa na kurasa 365 mwaka unapokwisha, na kurasa 365 ni riwaya nene. Methali nazo huitwa kuja kutoa ushahidi: haba na haba hujaza kibaba, bandu bandu huisha gogo. Hata hivyo, kila aliyewahi kuombwa kusoma maandishi ya vijana anayajua madaftari yale. Kurasa kumi za mwanzo zimejaa, hati imenyooka, tarehe imeandikwa juu ya kila ukurasa. Kisha hati inaanza kulegea, tarehe zinaachana, na baada ya ukurasa wa ishirini ni weupe mtupu hadi jalada la nyuma. Jibu letu kwa weupe huo limekuwa moja siku zote. Tunasema kijana hana subira.

Makala haya yanalikataa jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba mazoea ya kuandika hayasimami juu ya nia ya mtu mmoja, hata nia hiyo ikiwa ngumu namna gani. Husimama juu ya mapatano baina ya mwandishi na watu wanaomngojea. Ushahidi wa hoja hii nautafuta mbali na pwani, katika nchi ambayo wasomaji wa visiwani hawana desturi ya kuihesabu wanapoitaja fasihi ya Kiswahili: Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, pamoja na ziwa linalopakana nao.

Nchi ile inajulikana kwa sifa mbili, ukame na madini. Almasi ya Mwadui imeanza kuchimbwa tangu 1940. Mgodi wa Geita wa zama za ukoloni ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa kamili, ulioundwa kwa maeneo yaliyomegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa mtu anayeitazama kutoka mbali, hiyo ni nchi ya bahati: mtu hulala maskini akaamka tajiri. Na lugha yetu ya uhakiki, pasi na kujitambua, imeikopa picha hiyo. Twasema mwandishi fulani ameibuka. Twasema kipaji chake kimegunduliwa, au kwamba ni hazina iliyokuwa imefichika. Tukishamfanya mwandishi kuwa mtu aliyeokota jiwe, wengine hawabakiwi na kazi ila kungoja zamu yao ya kuokota. Na kumwambia kijana aandike kila siku huwa sawasawa na kumwambia acheze bahati nasibu kila asubuhi.

Mchimbaji mdogo mwenyewe hayatazami mambo hivyo. Anayeshuka katika duara anajua kwamba kabla ya dhahabu iko kazi nyingi isiyo na dhahabu ndani yake: kuvuta maji, kutoa kifusi, kusimamisha matimba ili kuta zisiporomoke. Tena duara halichimbwi na mtu mmoja. Yuko mwenye eneo, yuko mwenye duara, yuko anayewalisha wachimbaji katika miezi ambayo hakuna kilichopatikana, wako walio chini na walio juu kwenye kamba. Na mgawo wa mifuko ya mawe hukubaliwa kabla jiwe la kwanza halijapanda. Ikiwa bahati ipo, basi huwakuta watu ambao tayari wamo katika mapatano. Pale tulipopadhania kuwa ndipo makao makuu ya bahati, tunakuta ratiba na tunakuta mikataba ya mdomo.

Kutoka mgodini tuhamie malishoni, maana huko ndiko liliko neno ambalo naona linastahili kuingia katika msamiati wetu wa uhakiki. Wasukuma huita ngitili kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili majani yakue na yasimame hadi kiangazi kikali. Majani hayo huwekewa ndama, maksai wa kulimia na wanyama walio dhaifu, wale ambao hawawezi kufuata kundi likienda kutafuta malisho mbali. Desturi hiyo ilipigwa mara kadhaa katika karne ya 20. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wakaziacha ngitili zao nyuma. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa wa Shinyanga ilikuwa wazi, na watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliodumu hadi 2004. Ngitili zilizokuwa zimehesabiwa mwanzoni zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Mambo mawili katika habari hiyo yanamhusu mwandishi. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile haikupandwa miti, ilifungwa tu. Mizizi ilikuwa bado hai chini ya udongo uliokanyagwa, na mara ng'ombe walipozuiwa ikachipua yenyewe. La pili ni ua wake. Ngitili haikuzungushiwa seng'enge. Ililindwa na sheria ndogo zilizopitishwa na dagashida, yaani baraza la jadi la watu wa kijiji, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Hapa tusipite haraka. Mtu aliye karibu zaidi kuiharibu ngitili si jirani, bali ni mwenye ngitili mwenyewe. Majani yamekua, ng'ombe wake amekonda, naye ndiye anayepita hapo kila siku. Sheria ya baraza ilimlinda dhidi ya wengine, lakini ilimlinda kwanza dhidi ya huruma yake mwenyewe. Hakutakiwa awe na moyo wa chuma. Alitakiwa awe mwanakijiji.

Saa ya kuandika ni ngitili ya namna hiyo. Mizizi ipo: kijana wa Kahama au wa Katoro hana upungufu wa lugha wala wa mambo ya kusimulia. Kilichokosekana ni kipande cha wakati kilichofungwa, na watu wanaojua kwamba kimefungwa. Hata methali tuliyoanza nayo, tukiisikiliza vizuri, inasema hivyo hivyo. Tumezoea kulitilia mkazo neno haba na kulisahau neno kibaba. Kibaba ni kipimo, na kipimo si mali ya mtu mmoja. Ni mapatano ya sokoni kati ya anayeuza na anayenunua. Haba zilizomwagwa chini hazijazi kitu.

Je, mambo haya yana mahali katika sanaa ya maneno, au nimeyaburuta tu kutoka kwa wafugaji? Usukuma wenyewe umejibu swali hilo kwa zaidi ya karne nzima. Ngoma za Kisukuma zimegawanyika katika makundi mawili makuu yenye uhasama wa kudumu, Bagika na Bagalu, ambayo mapokeo yanayahusisha na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili husimama katika uwanja mmoja zikacheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio unaoshinda. Mtunzi wa nyimbo, ambaye huitwa ningi, hawezi kuja uwanjani na nyimbo za mwaka jana. Lazima awe na mpya, awe amewafundisha wachezaji wake, na ndani yake ziwemo za kumjibu mpinzani ambaye naye usiku huohuo yumo katika kutunga. Siku haisogezwi kwa sababu mtunzi hana hamu. Wakati wa kulima nako, vikundi vya jembe kama vile bagobogobo vililima kwa kufuata mwendo wa wimbo, na wimbo ulipokatika jembe nalo lilisita. Mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo hizo za kazi, chenye mamia ya nyimbo pamoja na maelezo yake. Ukikisoma unatambua kwamba wingi ule haukutokana na vipaji vilivyotapakaa kama mchanga. Ulitokana na kwamba kila msimu ulikuja na deni lake.

Msomaji wa visiwani hatayaona hayo kuwa mageni. Wanaoijua historia ya taarabu wanajua jinsi ushindani wa vikundi ulivyowasukuma watunzi kutoa maneno mapya. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki 2021, alifanya kazi za bahari na kazi za sulubu, na alikuwa akitungia watu kabla diwani yake ya Kimbunga haijatoka mwaka 1994. Hakuwa na meza ya kuandikia. Alikuwa na watu waliomjia wakitaka maneno.

Tukirudi bara na tukiingia katika maandishi, tunakutana na Kulikoyela Kahigi, mshairi na mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye, 2010 hadi 2015, alikuwa mbunge wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga na sasa imo katika mkoa wa Geita. Wahakiki wanamkumbuka Kahigi kwa nafasi yake katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, pale wanamapokeo walipoona kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na wanausasa wakaona kinyume chake. Ugomvi huo umeandikiwa mengi nami sina haja ya kuufufua. Ninachotaka kukionyesha kiko juu ya majalada, mahali ambapo hatutazami. Malenga wa Bara (1976) ni ya Kahigi na Mugyabuso Mulokozi. Mwanzo wa Tufani (1976) ni ya Kahigi na Ngemera. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) ni ya Kahigi na Mulokozi tena. Vitabu vitatu katika miaka minne, na hakuna hata kimoja kinachobeba jina moja. Neno la mwisho katika jina la kitabu cha tatu ni yetu.

Uhakiki wetu umezoea kuuona ushirikiano wa namna hiyo kuwa jambo la kando, kana kwamba ni wajibu wetu kuchambua nani aliandika beti zipi ili kila mmoja apewe haki yake. Mimi naona ushirikiano huo ndio uliozaa vitabu. Vijana wawili wanaotaka kuvunja kanuni ambayo jamii nzima ya washairi inaitetea wanahitaji zaidi ya ujasiri. Kila mmoja anahitaji mtu wa kumpelekea shairi kesho, ambaye atalisoma bila kucheka na atamwambia wapi limepwaya. Wapinzani wao nao walikuwa na taasisi yao, tena ya siku nyingi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapisha mashairi yaliyotumwa kutoka kila pembe ya Tanganyika, na kurasa za mashairi za magazeti yaliyofuata ziliendeleza desturi ya kuulizana na kujibizana. Mshairi wa mji mdogo aliyetoa fumbo alijua kwamba liko jibu litakalokuja, na kwamba akinyamaza ataonekana ameshindwa. Wanamapokeo na wanausasa waligombana juu ya vina, lakini katika jambo hili walikuwa watu wa chuo kimoja: wote waliandika kwa kuwa kulikuwa na aliyengoja.

Mfano mkubwa kuliko yote, na ulio mgumu zaidi kwa hoja yangu, umo ndani ya maji. Katika Ziwa Viktoria, ambalo Geita inapakana nalo, kipo kisiwa cha Ukerewe alikoishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Alisoma katika seminari ya Rubya, akajua Kilatini na Kijerumani pamoja na lugha nyingine, akatumikia kanisa kama katekista. Yeye na mkewe, Anna Katura, hawakubakiwa na mtoto. Mwaka 1945 alikamilisha kwa lugha ya Kikerewe riwaya ndefu ya maisha ya wazee wa kisiwa kabla ya ukoloni. Ikachapishwa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House ikiwa na tarehe ya 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki 1981 bila kukishika kitabu chake mkononi. Kwa mtu anayetaka kusifu nia ya mtu mmoja, hakuna shahidi bora: mzee mgonjwa wa viungo, kisiwani, katika lugha isiyo na soko la vitabu, na bado alimaliza.

Tuitazame kwanza riwaya yenyewe. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto aliyeishi. Ndugu za mume wanamtusi mke kwa ajili hiyo, wazazi wake wanakuja kumchukua, na mume anakwenda ukweni kuomba arudishiwe. Anatozwa pombe ya ndizi. Mwandishi wa leo angesema kwa sentensi moja kwamba pombe ilipelekwa na mke akarudi. Kitereza anatupitisha katika ndizi, katika uivaji wake, katika watu walioitwa kusaidia na namna walivyoitwa. Baadaye yuko mganga Kibuguma na tiba yake, nayo ina masharti yake na siku zake. Wahakiki wengi wameiona sifa hii kuwa ya kietnografia, kwamba kitabu ni ghala la mila lililovikwa hadithi. Usomaji huo hautoshi. Kinachoiendesha riwaya hii si visa, ni miadi. Kila mara mtu fulani ameahidi jambo kwa mtu fulani kwa siku fulani, na kurasa zinasogea kwa kuwa ahadi haina budi kutimizwa hatua kwa hatua. Myombekere hafikii lengo lake kwa kulitamani. Analifikia kwa kuwa wakwe wanamdai, majirani wanamsaidia, na mganga anamngoja. Utaratibu wa kitabu na utaratibu wa maisha yaliyomo ndani yake ni mmoja.

Sasa tuitazame kazi ya kukiandika, tujiulize kama kweli Kitereza alikuwa peke yake. Padre Almas Simard, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyemhimiza aandike mambo ya kale ya kisiwa kile, na hadi 1945 kulikuwa na msomaji mmoja aliyekuwa akiisubiri kazi. Ikakamilika. Baada ya hapo juhudi za kuichapisha hazikufaulu, na mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuja kwa utafiti wa historia ya kisiwa. Wakamshauri ageuze kazi yake kwa Kiswahili ili ipate mchapishaji. Mzee aliyepita miaka sabini akaketi akaiandika upya yote, ukurasa kwa ukurasa, katika lugha nyingine.

Mtu ni yuleyule katika nyakati zote mbili. Elimu ni ileile, na afya mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Katikati pana zaidi ya miaka ishirini ambamo kitabu hakikusonga. Hatuna haki ya kusema kwamba katika miaka hiyo Kitereza alikosa subira, maana kabla yake na baada yake alionyesha subira ambayo wachache miongoni mwetu wanayo. Kilichopungua ni mtu wa upande wa pili wa mapatano. Alipokuwapo kitabu kilikwenda, alipokosekana kilisimama. Shahidi aliyeletwa kuthibitisha nguvu ya nia ya mtu mmoja amethibitisha, pasi na shaka, mpaka wa nguvu hiyo.

Uhakiki usiwe sifa tupu. Upweke wa Kitereza umeacha alama katika kitabu, na si zote njema. Kuna mahali maelezo ya desturi yanakatiza mazungumzo ambayo yalikuwa yameanza kupata joto, na kuna salamu zinazorudiwa hata msomaji akatamani kufungua ukurasa wa mbele. Mwandani wa kalamu, kama Kahigi alivyokuwa na Mulokozi, angemwambia hapa punguza. Hata hivyo mwandani huyo huenda angemwomba pia akimbize visa, na tungepoteza mwendo ule wa polepole ambao ndio akili ya kitabu. Bagika na Bagalu nao wana hasara yao: mtunzi anayetunga ili amshinde jirani huweza kuzoea kutukana zaidi ya kufikiri. Mapatano yana bei, na mwandishi ajue anachokilipa.

Liko neno moja la wachimbaji wa Geita linalosaidia kuifunga sehemu hii. Mawe yakisagwa kwa karasha na kuoshwa, zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Mchimbaji aliyechoka na mwenye njaa huyauza marudio kwa bei ndogo kwa mtu mwenye mtaji wa matangi ya sianidi, na mara nyingi mnunuzi huyo ndiye anayepata sehemu iliyo nono. Vijana wengi wanaofuata nasaha ya ukurasa kwa siku huyatupa marudio yao. Wamefundishwa kwamba kusonga mbele ndiko kufikia lengo, hivyo ukurasa wa jana hauguswi tena. Kitereza aliosha mara mbili, kwa Kikerewe na kwa Kiswahili. Wengine wakaosha tena baada yake: Wilhelm Möhlig kwa Kijerumani katika miaka ya 1990, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenziwe wa Ukerewe, kwa Kiingereza mwaka 2002. Zoea ambalo halina siku ya kurudia ni nusu ya zoea, na kurudia ndiyo kazi inayomshinda mtu aliye peke yake, maana macho yake yameshauzoea ukurasa.

Itasemwa kwamba siku hizi wapo wanaowangojea waandishi. Zipo tuzo: ile ya Mabati-Cornell iliyoanza katikati ya miaka ya 2010 na sasa inaitwa Safal-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023. Tuzo ni jambo la heri. Zina tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho imemalizisha vitabu vingi kuliko hamasa. Lakini tuzo hutoa jibu kwa wachache na kimya kwa wengine wote. Aliyepeleka mswada kutoka Masumbwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam waliko wachapishaji wengi, asiposhinda hapati hata sentensi moja ya kumwambia wapi amepwaya. Kwake yeye tuzo imekuwa tena mwamba wa dhahabu: ama umeokota, ama hukuokota. Katika uwanja wa Bagika na Bagalu hata aliyeshindwa alijibiwa, na kwa sababu alijibiwa alikuwa na la kutungia mwaka uliofuata.

Kinachohitajika basi ni kidogo na ni cha karibu zaidi. Watu watatu wa mji mmoja wanatosha kuwa dagashida. Wachague siku ya mwezi ambayo haisogezwi. Kila mmoja aje na kurasa alizoandika na nyingine alizozirudia, na asiyeleta atozwe faini ndogo inayouma kidogo: kikombe cha chai kwa wenzake, au kusoma kwa sauti ukurasa wa mwenzake badala ya wake. Wenye majarida, likiwamo hili, wana sehemu yao: kuwajibu wanaoleta kazi, hata kwa mistari mitatu, na kurudisha ukurasa wa kujibizana ambao mashairi ya Kiswahili yaliutegemea kwa miongo mingi. Walimu nao wanaweza kuacha kuuliza mwanafunzi ana malengo gani ya uandishi, wakamuuliza ni nani anayemdai ukurasa wiki hii.

Swali hilo la mwisho lina ukali wake, kwa kuwa wengi wetu, tukiulizwa, hatuna jina la kutaja. Tuna nia, tuna daftari jipya, tuna tarehe iliyoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza. Katika nchi ya ngitili mtu wa namna hiyo haambiwi ajikaze. Huulizwa kama ameshafika barazani kuwaambia wenzake kipande alichokifunga ni kipi, ili ng'ombe wake wakionekana humo apatikane wa kuwatoa.